Ukidaiwa kodi ulikotoka: namna ya kumweleza mwenye nyumba mpya

"Kwa nini umehama ulikokuwa?"

Swali hili litakukuta kibarazani, umeshaona chumba, umeshalipenda dirisha lake, dalali amesimama pembeni na simu yake. Wengi wetu tunalijibu kwa namna moja: nataka kusogea karibu na kazini. Mimi nililijibu hivyo hivyo Kimara, miaka kadhaa iliyopita, wakati Tabata nilikotoka nilikuwa nimeacha deni la miezi mitatu na funguo nimemwachia jirani. Mama mwenye nyumba aliniamini. Wiki ya tatu akaja fundi bomba kutengeneza choo, akanisalimu kwa jina, akauliza mbele ya mama kama yale mambo ya Tabata yaliisha.

Hakunifukuza. Alisubiri mkataba wa miezi sita umalizike, akaniita, akaniambia: "Kudaiwa ni kawaida, hata mimi nimewahi kudaiwa. Ila ulikaa kwenye mkeka wangu ukanidanganya. Sitakuongezea muda." Nikahama tena, katikati ya muhula, mtoto akiwa darasa la nne.

Ninaandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi. Naandika kuhusu Dar es Salaam kwa sababu ndiko nilikopanga maisha yangu yote. Hapa hakuna ofisi inayotunza kumbukumbu za wapangaji, na wengi hudhani kwamba ukitoka Ilala ukaingia Ubungo umezaliwa upya. Kumbukumbu zipo, ila zimekaa kwa watu. Madalali wanatumiana picha za nyumba na majina ya wapangaji kwenye makundi yao ya simu. Serikali ya mtaa unakohamia inaweza kukutaka uje na barua ya utambulisho kutoka mtaa uliotoka. Kuna mafundi, kuna wauza maji, kuna shemeji wa mwenye nyumba anayesali na mwenye nyumba wako wa zamani. Habari yako itafika. Lililo mikononi mwako ni kuifikisha wewe mwenyewe, kwanza, ikiwa na karatasi.

Hatua ya 1: Andika kilichotokea

Kabla hujampigia dalali yeyote, kaa na karatasi. Andika mtaa, mwezi ulioingia, mwezi uliotoka, kodi ilikuwa shilingi ngapi, ulilipa miezi mingapi, ipi hukulipa, na kwa nini. Tumia tarakimu. "Nilikuwa na deni dogo" haimwambii mtu kitu. "Nilidaiwa miezi 3 kwa 150,000, jumla 450,000" inaeleweka hapo hapo, na inaonyesha kuwa unalijua deni lako.

Tenganisha mambo. Deni ni moja. Ugomvi ni jingine: kelele, wageni wa usiku, zamu za kufagia uwanja, umeme wa mita moja kwa wapangaji watano. Uharibifu ni la tatu. Wenye nyumba hawayaogopi kwa kiasi kimoja. Katika niliozungumza nao, aliyechelewesha kodi huwa wanamsikiliza. Aliyeondoka bila kuaga, au aliyegombanisha nyumba nzima, ndiye anayewatia hofu. Kwa hiyo kama lako ni deni tupu, liseme kama deni tupu, usiache mtu adhani kuna zaidi.

Hakikisha pia hesabu ni sahihi. Kwa mfano, kodi ya jengo tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mzigo wake kisheria ni wa mwenye jengo, si mpangaji. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Kama wewe ndiye uliyekuwa unanunua umeme wa mita hiyo mwaka mzima kwa kiwango hicho cha 1,500, umemlipia mwenye nyumba 18,000. Vivyo hivyo kitasa au koki uliyobadilisha kwa ruhusa yake. Si fedha ya kufuta deni la laki nne na nusu, lakini ni haki yako kuitaja mkiwa mnapiga hesabu, kwa utulivu, na risiti mkononi.

Hatua ya 2: Rudi ulikotoka

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na ndiyo inayofanya zinazofuata ziwezekane. Mwenye nyumba mpya akisikia "nilidaiwa", swali lake la pili ni "na sasa?" Usipokuwa na jibu la swali hilo la pili, ukweli wako unakuwa ni taarifa ya hatari tu.

Usirudi peke yako kama mliachana vibaya. Nenda na mtu mzima anayeheshimika pande zote: mjomba, mzee wa jirani, mjumbe wa serikali ya mtaa. Usiende siku za mwanzo wa muhula watu wanapohangaika na ada. Piga simu kwanza. Mimi niliporudi Tabata nilidhani ningetukanwa. Mzee mwenye nyumba alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza mtoto anaendeleaje. Halafu akatoa daftari. Deni langu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake ameandika tarehe aliyokuta chumba kitupu. Mpaka leo nikiikumbuka ile tarehe naona aibu, kwa sababu alikuwa amekuja siku ile kunipa muda zaidi.

Kama huna fedha yote, peleka uliyonayo na mkubaliane iliyobaki. Lipa kwa simu hata kama umesimama mbele yake, ili ujumbe wa muamala ubaki kwenu wote wawili, na usiufute. Kisha omba karatasi. Haihitaji wakili. Inatosha hivi:

"Mimi (jina), mwenye nyumba iliyopo mtaa wa (jina la mtaa), nathibitisha kuwa (jina) alikuwa mpangaji wangu kuanzia (mwezi) hadi (mwezi). Alibaki na deni la kodi la shilingi 450,000. Leo tarehe (tarehe) amelipa 200,000. Zilizobaki 250,000 atalipa 50,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 5. Sina dai jingine juu yake."

Saini yake, saini yako, shahidi mmoja kila upande, namba za simu. Muombe pia ruhusa ya kutoa namba yake kwa mwenye nyumba mpya. Wengi hukubali, kwa sababu mpangaji mwenye pa kuishi ndiye anayeweza kumaliza deni.

Akikataa kukuona, pitia kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, waombe waandike kwamba ulifika kutaka kulipa. Mgogoro ukiwa mkubwa lipo Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi na nyumba ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Likishindwa ndipo jambo linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama kesi yako ilishafika huko, chukua nakala ya uamuzi. Mtu akisikia "walipelekana barazani" anafikiria makubwa, na mara nyingi karatasi yenyewe inaeleza madogo.

Kuna wenzetu walioondolewa bila kosa: nyumba imeuzwa, warithi wamegombana, vitu vikatolewa nje bila notisi. Hamna cha kulipa, lakini tafuteni shahidi. Mpangaji mwenzako wa zamani aliyeona anatosha.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya nyumba unayoiweza ukiwa bado unalipa deni

Chukua chumba na sebule cha 120,000. Miezi sita ni 720,000. Dalali mwezi mmoja, 120,000. Hapo ni 840,000, na kirikuu cha kuhamisha vitu bado. Halafu kila mwezi una 50,000 ya deni la zamani. Kama hesabu haikubali, shuka: chumba kimoja, au sogea mbele ya kituo cha mwisho cha daladala. Najua inavyouma kurudi nyuma ukiwa na familia. Inauma zaidi kuomba msamaha wa deni la pili.

Usikope mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ili utimize miezi sita. Nimeona mtu akiingia nyumba mpya kwa mkopo wa aina hiyo. Mwezi wa pili wadai walikuwa wanagonga geti, na mwenye nyumba ndiye aliyewafungulia.

Sasa, jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Utaratibu wa kulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo unatuumiza sote, lakini kwa mtu mwenye doa una upande wake mzuri. Ukishalipa miezi sita, mwenye nyumba hana hofu na wewe hadi mwezi wa sita. Hofu yake yote iko siku ya kulipa tena: utakuwa nazo, au utaanza kuzima simu? Kwa hiyo ahadi yako isihusu leo, leo umeshalipa. Ihusu mwezi wa saba. Uwe tayari kumwambia unaziwekaje: kila mwezi unatenga 120,000, kwenye kikoba, benki au popote usipoweza kupafungua kwa haraka, kuanzia mwezi wa kwanza. Mwenye nyumba akisikia hivyo anajua anazungumza na mtu aliyejifunza jambo mahususi.

Hatua ya 4: Dalali

Mwambie, kwa kifupi: "Nilikotoka nilikuwa na deni, nalilipa, na nitamweleza mwenye nyumba mwenyewe." Atakujibu: "Bosi, hayo usiseme, niachie mimi." Anakutakia mema kwa namna yake, ila ujira wake ni mwezi mmoja wa kodi na anaondoka nao siku hiyo hiyo. Wewe ndiye utakayebaki kukutana na mwenye nyumba mlangoni kila asubuhi.

Shika utaratibu mmoja bila kuyumba: ukweli kwanza, hela baadaye. Usitoe hata ya kushikia chumba kabla hujazungumza na mwenye nyumba. Ukishatoa, halafu akasikia habari yako na kukataa, ya dalali hairudi, na ya mwenye nyumba itakurudia kidogo kidogo.

Hatua ya 5: Maongezi yenyewe

Chagua wakati: umeshaiona nyumba na umeridhika, hamjaanza kuhesabu fedha. Chagua mtu: yule anayeamua. Mara nyingi unaonyeshwa nyumba na baba, lakini anayesema huyu aingie au asiingie ni mama. Kama mwenye nyumba yuko mkoani au nje ya nchi na kuna msimamizi, zungumza na msimamizi ana kwa ana, halafu omba umpigie mwenyewe, na baada ya simu mtumie ujumbe mfupi wenye yale yale uliyosema, ili pasije kutokea baadaye kwamba hukusema.

Salimia ipasavyo, kaa ukikaribishwa. Kisha, kwa sauti ya kawaida:

"Mama, kabla hatujafika kwenye hela, kuna jambo nataka ulisikie kwangu. Nilikokuwa, Tabata, nilidaiwa kodi ya miezi mitatu. Kazi ilisimama, nikaogopa kusema mapema, nikaondoka na deni. Nimerudi kwa mzee, nimelipa laki mbili, iliyobaki namlipa hamsini kila mwezi. Karatasi tuliyoandikiana ni hii, na namba yake hii hapa, ameridhia umpigie. Sasa hivi nina kazi, na kodi ya hapa naiweza."

Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Ukimya wa mwenye nyumba unatutisha, tunaanza kuujaza: yule mzee naye alikuwa mkali, paa lilivuja, ndugu waliniangusha, wallahi sirudii tena. Kila unaloongeza linapunguza. Ukimsema vibaya mwenye nyumba wa zamani, wa sasa anasikia jinsi utakavyomsema yeye. Na kiapo hakimsaidii mtu ambaye hakujui, karatasi inamsaidia.

Atauliza. Kwangu mwenye nyumba aliuliza: "Na ukikwama tena?" Nilikuwa nimejiandaa: "Nitakuja kukuambia mwezi mmoja kabla kodi haijaisha. Kama siwezi kuendelea, nitahama ndani ya muda niliolipia, chumba ukipate kikiwa kisafi." Hilo ndilo swali la kujiandaa nalo kuliko yote. Toa jibu unaloweza kulitekeleza kweli.

Mahali pa kuishia

Kusema kweli kuhusu kodi hakumpi mtu ruhusa ya kuingia chumbani kwako. "Niliugua" inatosha, ugonjwa gani ni wako. "Kazi ilisimama" inatosha. Nalisema hili hasa kwa dada zetu wanaopanga peke yao, ambao huulizwa mume yuko wapi, nani atakuwa anakuja, mliachana kwa nini. Umeulizwa kuhusu kodi, jibu kuhusu kodi: "Ninayelipa ni mimi, na kazi yangu ni hii." Kama ndoa kuvunjika ndiko kulikoleta deni, sema "tulitengana, kodi ikabaki kwangu peke yangu", na uishie hapo. Anayeng'ang'ania zaidi ya hapo anakuonyesha mapema ataishi na wewe vipi.

Hatua ya 6: Mpe kitu cha kushika

Pamoja na maneno, weka mezani kimoja au viwili kati ya hivi, vile tu unavyovimudu. Mdhamini atakayesaini mkataba kama shahidi wako na kukubali kupigiwa ukichelewa. Mwambie mapema anachokubali, usimshtukize. Barua ya mwajiri, au kama unafanya biashara, miamala ya miezi mitatu ya simu yako inayoonyesha fedha inaingia. Mwezi mmoja wa ziada juu ya sita, unaokaa kwa mwenye nyumba kama akiba na kurudi au kuhesabiwa mkimalizana. Huo wa mwisho ni mzito, na usiuahidi kama unaufikiria kwa hela ya ada ya mtoto.

Hatua ya 7: Akikataa

Wapo watakaokataa. Mimi niliposema ukweli kwa mara ya kwanza, wawili walikataa: mmoja hapo hapo, mwingine alisema atapiga simu na hakupiga. Mshukuru, ondoka, usibishane, usimpigie kumlaumu. Ndiyo sababu unatakiwa kuanza kutafuta miezi miwili kabla ya kodi yako kuisha, si wiki mbili. Mtu mwenye wiki mbili husema uongo hata kama hakukusudia, kwa sababu hana muda wa kukataliwa. Wa tatu alikuwa mama wa Mbezi aliyesoma karatasi mara mbili, akampigia mzee wa Tabata nikiwa nimekaa, wakaongea kwa muda, wakacheka jambo ambalo sikulisikia. Akanirudishia karatasi. "Utaingia lini?"

Hatua ya 8: Mkataba na siku ya kuingia

Mliyokubaliana kwa mdomo yaingie kwenye mkataba: siku ya kulipa tena, mwezi wa akiba kama upo, notisi ni ya muda gani kila upande, nani analipa maji na kwa hesabu gani, kodi ya jengo ya LUKU inarudishwaje. Nakala mbili, saini, mashahidi. Ukigongewa na muhuri wa serikali ya mtaa ni vizuri zaidi, na hapo hapo unajitambulisha kwa mwenyekiti na barua yako.

Kabla godoro halijaingia, piga picha: kuta, dari, vitasa, masinki, nyufa, namba iliyoko kwenye mita ya maji. Ingiza umeme wa kidogo uone kama mita ina deni la aliyekutangulia. Picha hizo mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo na ujumbe wa heshima: "Mama, hii ndiyo hali niliyoikuta, nitaitunza." Mtu mwenye doa la zamani ndiye atakayedhaniwa kwanza kioo kikionekana kimepasuka.

Endelea kulipa Tabata, au kokote kulikokuwa kwako, na kila ukilipa hifadhi ujumbe. Ukimaliza, rudi uchukue karatasi ya mwisho iliyoandikwa "deni limekwisha", umpelekee nakala mwenye nyumba mpya bila kuombwa.

Mwezi wa tano ukiingia, usisubiri kuulizwa. Nenda kibarazani, umwambie una kiasi gani na unategemea kutimiza lini. Kwangu ilikuwa Jumapili jioni. Nilikuwa na 600,000 kati ya 720,000, nikamwambia hivyo hivyo. Mama aliendelea kuchambua mchele. "Sawa," alisema, "basi mwambie fundi aje aangalie lile bomba lako."